Shangazi, Januari inanimaliza: nipangeje muda wangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kimara hapa Dar es Salaam, ile ya ndani ambayo ukishuka kituo cha mabasi ya mwendokasi bado kuna bodaboda ya kupanda mlima. Nafanya kazi za mahesabu kwenye ofisi moja Posta. Mume wangu yuko kiwandani, anaingia kwa zamu: wiki hii usiku, wiki ijayo mchana. Tunaelewana, nashukuru Mungu. Kinachonishinda ni Januari.

Mwaka huu mambo yamenikuta kwa mkupuo. Binti yetu mkubwa amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya kutwa ya serikali. Mdogo wake wa kiume ameingia darasa la nne, na kitinda mimba ndiyo anaanza la kwanza. Hawa wawili wako shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Enzi za dada yao hatukuwa na uwezo huo. Dada wa kazi alikwenda kwao Krismasi, akasema mwaka mpya ukiingia tu anarudi. Simu yake haipatikani.

Siku yangu iko hivi. Naamka saa kumi kasoro usiku. Nachemsha uji, napiga pasi, kisha saa kumi na robo nawaamsha wadogo, maana basi la shule linapita saa kumi na moja na nusu na sisi ndio kituo cha kwanza. Kitinda mimba anavalishwa huku kafumba macho. Juzi amesinzia na mswaki mdomoni. Wakishapanda namalizana na dada yao, natoka mbio, saa mbili niwe nimekaa mezani kwangu. Jioni natoka kazini saa kumi na moja, foleni ya mwendokasi unaijua, nafika nyumbani saa mbili usiku. Nakuta binti ameshawapokea wadogo zake, ameinjika ugali, daftari zake hata hazijafunguliwa. Wa darasa la nne ndiyo anaingia kutoka tuisheni. Wanakula, tunaanza homuweki, wanalala saa nne. Mimi nabaki na vyombo, sare za kesho na madaftari ya kuwekea kava. Nikiwahi sana nalala saa sita. Kuna usiku nilipitiwa na usingizi sakafuni, mkasi mkononi.

Hapo sijataja Kariakoo. Nilikwenda Mtaa wa Kongo kutafuta begi na viatu vyeusi, nikasukumwa mchana kutwa, nikarudi na begi na viatu vya namba ambayo siyo. Sare za binti ziko kwa fundi, kila nikipita ananiambia "njoo keshokutwa". Basi ameanza sekondari na sketi yake ya shule ya msingi na anaona aibu. Fomu yake ya kujiunga ina karatasi ya uchunguzi wa afya ya kujazwa na daktari wa hospitali ya serikali. Bado iko kwenye pochi yangu. Ada ya wadogo nimeilipa kwa kupanga foleni benki saa yangu ya chakula. Na huku ofisini tunafunga mahesabu ya mwaka. Nimeshachelewa mara kadhaa, bosi ameniita, akaniambia kwa upole kabisa kwamba anaona kama kazi inanilemea.

Baba yao si mtu mbaya, Shangazi. Huwa ananiambia, "Wewe niambie cha kufanya, mimi nitafanya." Lakini kumwambia nako ni kazi. Nilimtuma daftari za viboksi akaleta za mistari, nikaona bora niende mwenyewe.

Kuna video imenifikia kwenye simu, mama mmoja anaeleza kwamba siri ya mafanikio yake ni kuamka saa tisa usiku kila siku. Nami nifanye hivyo? Naogopa kupoteza kazi. Naogopa zaidi kwamba watoto wangu wananijua kama mtu wa kufoka tu: vaa, kula, harakisha, lala.

Mama wa Watatu, Kimara

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana.

Nianze na hilo la saa tisa: usifanye. Unalala saa sita, unaamka saa kumi. Hayo ni masaa manne. Ukiyakata yawe matatu, utakuwa unafunga mahesabu ya watu na kichwa kisichojua tatu na nane ni tofauti, kisha urudi nyumbani kuwafokea wanao kwa kosa la kumwaga maji. Kwenye usingizi wako hakuna tena cha kukopa. Muda unaoutafuta tutautoa kwingine.

Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi. Kila kazi uliyoitaja nimeipigia mstari, na pembeni nimeandika jina la anayeifanya. Uji, wewe. Pasi, wewe. Kuwaamsha na kuwavisha, wewe. Basi, ada, fundi, Kariakoo, hospitali, kava, homuweki, vyombo: wewe. Kuwapokea wadogo na kusonga ugali: binti wa kidato cha kwanza. Nilipofika mwisho, jina la baba limetokea mahali pamoja, kwenye daftari za mistari, na hapo hapo ukamnyang'anya. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba hujui kupanga muda. Mtu anayelisha, anayevisha na kupakia watoto kwenye basi saa kumi na moja na nusu, kisha akawa mezani mjini saa mbili, anaujua muda kuliko wengi wanaotoa semina. Nyumba yenu ina kazi za watu wazima wawili, na zimebebwa na mmoja na robo, hiyo robo ikiwa mtoto.

Ila kabla sijafika kwa baba yao, nataka tuongee kuhusu usingizi wa hao wadogo, maana hapo ndipo niliposhika roho.

Watoto wako wanalala saa nne na kuamshwa saa kumi na robo. Ni masaa sita na kidogo. Mwaka 2016 American Academy of Sleep Medicine, chama cha wataalamu wa usingizi cha Marekani, ilishauri kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale masaa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale masaa 8 hadi 10. Wako wanakosa karibu masaa matatu kila usiku. Mtoto anayesinzia na mswaki mdomoni hana uvivu wowote. Mwili wake unadai deni. Na mtoto mwenye deni la usingizi hujivuta asubuhi, hulia kwa vitu vidogo, husahau chupa ya maji, huchukua saa nzima kwa homuweki ya robo saa. Jumlisha muda unaopotea hapo. Sehemu kubwa ya mbio zako za alfajiri zinatokana na usiku wao mfupi.

Kwa hiyo lengo la kwanza, kabla ya sare na kava: wadogo wawe wamelala saa mbili usiku, na waamke saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Hapo wanakaribia masaa tisa. Najua utaniuliza inawezekanaje wakati wewe saa mbili ndiyo unaingia mlangoni. Inawezekana, ila lazima vitu viwili vife.

Cha kwanza ni tuisheni ya jioni. Mwanao wa darasa la nne anatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri na anarudi saa mbili usiku. Mtu mzima akifanyishwa kazi hivyo tunakwenda kushtaki. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka masaa 45 ya kazi za kawaida kwa wiki. Mwanao, ukihesabu basi, darasa na tuisheni, ameyapita kabla Ijumaa haijafika. Najua mnachokiwaza: mwaka huu ana upimaji wa kitaifa wa darasa la nne. Ndiyo, anao, na uko mwishoni mwa mwaka, siyo Januari. Simamisha tuisheni sasa. Kama katikati ya mwaka mwalimu wake wa darasa atakuonyesha kwa daftari, siyo kwa maneno, kwamba kuna somo linamshinda, mtafutie msaada wa somo hilo moja Jumamosi asubuhi. Hela ya tuisheni usiitumie, nitakuambia ya nini.

Cha pili ni hilo la kuwa kituo cha kwanza. Mtoto anayepandishwa wa kwanza huzungushwa mtaa kwa mtaa akiwa amelalia dirisha, na mara nyingi huwa kati ya wa mwisho kushushwa jioni. Njia ya basi hupangwa na mtu, na mtu huyo anaongeleka. Mwaka unapoanza ndipo shule zinapokea watoto wapya na kupanga upya mizunguko, kwa hiyo huu ndio wakati wa kuongea. Asipigiwe dereva tu. Aandikiwe mkuu wa shule au msimamizi wa usafiri, aelezwe umri wa mtoto na saa anayopanda, na aulizwe mambo mawili: je, basi linaweza kuanzia upande wa pili na kuishia kwenu? Au je, kuna basi jingine linalopita barabara kubwa baadaye, mtoto apelekwe hapo kwa miguu? Nusu saa tu ikipatikana hapo ni nusu saa ya usingizi kwa watu watatu. Wakikataa kabisa, kaeni nyinyi wawili kabla ya mwaka kwisha mjiulize kama shule hiyo inafaa kwa umbali huo. Mimi naona ipo siku tutalazimika kama jamii kujiuliza kwa nini tunawaamsha watoto wa miaka sita usiku wa giza ili wakajifunze kusoma.

Sasa baba yao.

Umesema si mtu mbaya, nakuamini. Shida iko kwenye lile neno lake: "niambie cha kufanya." Anayesema hivyo amejiweka kuwa mtumwa wa kutumwa na wewe amekufanya msimamizi. Wewe ndiye unayekumbuka, unayepanga, unayefuatilia. Yeye anasubiri agizo. Mkono wake utafanya kazi, lakini kichwa chako hakitapumzika hata dakika. Ndiyo maana umeona bora uende mwenyewe. Usimpe kazi moja moja. Mkabidhi eneo zima, na akili yake yote iwe humo.

Mimi nikiitazama nyumba yenu, ningemkabidhi mambo ya nje yote: basi, ada, sare, viatu, vifaa, fomu. Yote, kuanzia kukumbuka mpaka kumaliza. Tazama anavyoweza. Wiki ya zamu ya usiku anarudi asubuhi, analala, na alasiri yuko macho, nyumbani, saa ambazo wewe uko Posta. Hizo ndizo saa za fundi, za wakala wa benki, za maduka ya vifaa ambayo jioni yanafurika. Wiki ya zamu ya mchana na yeye anaamka alfajiri. Basi yeye ndiye awatoe wadogo mpaka kwenye basi, wewe ujiandae kwa utulivu na binti. Aulize shuleni kama ada inalipika kwa wakala au kwa simu, ili hiyo foleni ya saa ya chakula iwe imekwisha. Aende yeye kwa fundi. Nakuhakikishia, fundi anayekuambia wewe "keshokutwa" akikaliwa na baba mtu kwenye benchi lake alasiri nzima, sketi hiyo itatoka.

Na karatasi ya uchunguzi wa afya itoe leo kwenye pochi, umkabidhi. Achague alasiri moja ya wiki ya zamu ya usiku, aulizie kwanza hospitali wanajaza fomu hizo saa ngapi, kisha aende na binti.

Hapa nakuomba kitu kigumu. Akileta daftari za mistari tena, usibadilishe njia kwenda kuzibadilisha wewe. Mwambie, "Shule wametaka za viboksi," halafu nyamaza. Azirudishe mwenyewe. Mtoto atakwenda siku mbili na daftari lisilo sahihi, mwalimu atamsema kidogo, dunia haitaanguka. Ukienda wewe, umemfundisha kwamba akikosea anaondolewa kazi. Wanaume wengi wametolewa kwenye malezi kwa njia hii hii, bila mtu yeyote kukusudia.

Mpate muda Jumapili jioni, watoto wakiwa wamelala, mkae na kalenda ya ukutani. Iandikwe zamu yake ya wiki hiyo, siku zako za kubanwa ofisini, na tarehe za shule. Isizidi nusu saa. Usianze na "umeniachia kila kitu". Hata kama ni kweli, mazungumzo yatafia hapo. Anza na mwanao na mswaki. Baba yeyote mwenye moyo atasimama hapo.

Nije kwa binti, na hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe.

Binti huyu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sasa ameingia mahali ambapo biolojia, jiografia, hesabu, vyote ni kwa Kiingereza. Ni mlima mrefu. Ndiyo maana shule nyingi hutumia wiki za mwanzo za kidato cha kwanza kuwavusha watoto kwenye lugha hiyo, na asiyevuka vizuri wiki hizo huanza kukariri bila kuelewa, akaendelea kukariri mpaka cha nne. Wiki hizo hizo ndizo wako anazitumia kuinjika ugali wa watu watano. Umeandika mwenyewe kwamba daftari zake hazijafunguliwa. Nimelisoma hilo mara mbili.

Sisemi asifanye kazi za nyumbani. Atafanya, ndivyo tulivyolelewa. Ila dada wa kazi aliyeondoka asirithiwe na yeye kwa sababu tu ni wa kike na ni mkubwa. Mdogo wake wa kiume ana umri wa kuosha vyombo, kupangusa viatu na kukunja nguo zake, mpe. Kitinda mimba aweke viatu na begi lake mlangoni kila jioni. Na binti awe na saa yake ya kusoma isiyoguswa, ambayo hata ukirudi umechoka hutamwita hata kwa chumvi.

Ile hela ya tuisheni sasa. Ulizia mtaani kwenu mama mtu mzima, jirani unayemwamini, ambaye atakuja tangu basi linaposhusha watoto mpaka unapofika wewe. Ni masaa matatu tu, siyo siku nzima. Awapokee, awape kitu cha kula, wakae na homuweki, waoge, wale saa moja, kitandani saa mbili. Wiki baba akiwa nyumbani alasiri atainjika sufuria kabla hajatoka, kwa hiyo kazi ya mama huyo itapungua. Usikimbilie kuleta binti mwingine kutoka kijijini kwa haraka ya Januari, na kamwe usimlete mwenye umri wa kuwa darasani. Hatuwezi kumsomesha wetu kwa kumzuia wa mwenzetu.

Najua hili litakuuma: kuna siku utafika wadogo wameshalala. Nakuelewa. Lakini pima unachokipata sasa kati ya saa mbili na saa nne: watoto wamechoka, wewe umechoka, mnagombana juu ya kujumlisha. Badala yake uwapate alfajiri, dakika kumi za kukaa nao na kikombe cha uji, umekaa kweli, hupigi pasi. Na jioni hiyo uliyoipata, kaa na mkubwa, akueleze alichoelewa darasani na ambacho hakukielewa. Miaka hii ya utotoni kwenda ujana ndiyo inayohitaji sikio la mama usiku.

Alfajiri yako itulie kwa kuandaliwa jana yake. Sare za wiki nzima zipigwe pasi Jumapili zote, umeme ukiwepo, zitundikwe kwa siku. Mwezi huu usiamini kwamba umeme wa saa kumi alfajiri utakuwepo. Ndoo zijazwe jioni. Uji uwekwe kwenye chupa ya chai, viazi vitamu au mihogo ichemshwe usiku. Maharage ya wiki yachemshwe siku moja, yagawanywe, ya kuungwa yaungwe siku yake. Ukiamka saa kumi na nusu utakuta kilichobaki ni kuamsha na kumimina. Nawe ukiwa umelala saa nne, umepata masaa sita na nusu. Bado siyo mengi, lakini ni mtu tofauti kabisa atakayeingia ofisini.

Kava sasa, maana nimekuonea huruma na mkasi wako. Mwanao wa darasa la nne anaweza. Mkalishe Jumamosi, weka daftari wazi juu ya karatasi ya khaki, mwonyeshe kuacha vidole vitatu kila upande, kukata pembe kwa mshazari pale mgongo wa daftari unapofika ili karatasi isijikunje, kisha kukunjia ndani na kubana. La kwanza litakuwa limepinda. La tano litakaa sawa. Binti aandike majina, ana mwandiko. Ukiona lililopinda, liache lilivyo; ndani ya daftari ndipo mwalimu anaposahihisha.

Sare ya binti isikunyime usingizi. Kila Januari viongozi wa serikali hurudia kwamba mtoto asizuiwe kuripoti shuleni kwa kukosa sare mpya, na walimu wengi wameshazoea kuwaona wa kidato cha kwanza na sketi za msingi. Mwambie hivyo, na umwambie hayuko peke yake darasani humo.

Kundi la WhatsApp la wazazi nalo lizime sauti. Soma mara moja jioni, au mwombe mzazi mmoja mwenye utulivu akupigie kukiwa na jambo.

Kazini usisubiri kuitwa mara ya pili. Bosi aliyekuita kwa upole amekufungulia mlango. Nenda kwake mapema wiki hii ukiwa na mpango mkononi: mwambie dada wa kazi hakurudi, mwambie utakuwa umetulia kufikia tarehe fulani, na mwombe siku mbili za likizo yako ya mwaka sasa hivi, ukizitaja tarehe, ambazo hazigongani na mwisho wa kufunga mahesabu. Kwa sheria ile ile ya 2004 una haki ya likizo isiyopungua siku 28 kwa mwaka, ingawa mwajiri ana kauli juu ya lini utaichukua. Ndiyo maana ombi la mwakani liandike Oktoba. Mwenye kuiombea mapema wiki ya kwanza ya Januari, wenzake wakiwa wanawaza sikukuu tu, ndiye anayepewa.

Na kwa kuwa nimegusa mwakani: nusu ya haya hayapaswi kuwa ya Januari hata kidogo. Viatu na madaftari vipo Kariakoo Novemba, bei imetulia na unachagua ukiwa umesimama sawasawa. Fundi cherehani wa Novemba ana nafasi. Akupimie na kukuachia pindo refu la kuachia mtoto akirefuka. Chora nyayo za watoto kwenye karatasi, mwenye kwenda dukani aende nayo, atarudi na namba sahihi. Majina ya kidato cha kwanza hutoka Desemba kwa kawaida, na fomu za kujiunga hupatikana kwenye tovuti ya TAMISEMI, kwa hiyo yale ya hospitali yamalizwe kabla ya sikukuu. Hela ndiyo ngumu, najua, Desemba kila ndugu ana harusi. Tenga kidogo kidogo kuanzia Julai, hata kwa kibubu au kijumbe cha ofisini, mzunguko wako uombe uangukie Novemba.

Ila hayo ni ya baadaye. Kwa wiki hii nataka mambo matatu tu: karatasi ya daktari itoke kwenye pochi yako iingie mkononi mwa baba yao, mwalimu wa tuisheni aambiwe, na barua ya basi ipelekwe shuleni kabla ya Ijumaa, maana mizunguko ikishazoeleka hakuna dereva atakayekubali kuibadilisha. Barua hiyo aandike baba. Ni eneo lake. Niandikie tena mwezi wa pili, uniambie basi linapita saa ngapi.

Shangazi